Rigi imeonekana maili moja kutoka kwenye madini uliyorithi North Dakota, utajuaje kama mafuta yako yamo?

Dada mmoja wa Mombasa anayeishi Minnesota ameniandikia swali, nalifupisha hapa ili na wengine wafaidike. Mumewe, Mmarekani, alifariki mwaka jana. Kwenye makaratasi ya marehemu akakuta hati inayosema bibi yake mume alibakisha nusu ya madini yote (mafuta na gesi vikiwemo) chini ya shamba la robo seksheni, yaani ekari 160, huko Williams County, North Dakota, na wajukuu wawili ndo waliorithi, yaani marehemu na mdogo wake. Shamba lenyewe la juu liliuzwa zamani. Sasa huyo shemeji alipita kule akaona rigi, yaani mtambo wa kuchimba mafuta, inachimba kama maili moja kutoka pale, na wiki hiyohiyo dada akapata barua ya kampuni asiyoijua inataka kununua madini yake kwa bei ya kila ekari, jibu ndani ya siku 10. Anauliza: nitajuaje wanachimba nini, je mafuta yangu wanayachukua, na hii barua nisaini?

Dada yangu pole sana kwa msiba, Mungu akupe subira. Najibu kwa kirefu kwa sababu kazi yangu ni hiyohiyo ya kupekua rekodi za ardhi na madini kwa ajili ya watu kama wewe, na naumia nikiona mjane anauza kitu kabla hajajua anauza nini.

Jibu fupi ni usisaini. Siku 10 ni zao wao, hakuna sheria inayosema ofa ikipita siku 10 madini yako yanaharibika. Na jambo la pili, ambalo ndo kiini cha yote ntakayosema hapa chini: kuwa karibu na rigi peke yake hakukupi hata senti moja, na kuwa mbali nayo hakukunyimi. Kinacholipa ni kama ekari zako zimeingia ndani ya uniti ya hicho kisima, yaani eneo ambalo jimbo limelitenga kwa ajili yake. Hilo unaweza kuliangalia mwenyewe bure kwenye kompyuta, hata leo usiku watoto wakishalala.

Tuanze na msingi maana sisi tuliokulia Afrika Mashariki hili jambo linatuchanganya. Kwetu mafuta yakipatikana chini ya shamba lako si yako. Kenya katiba ya 2010 ibara ya 62 inayaweka madini na mafuta kwenye ardhi ya umma, Tanzania nako sheria ya petroli ya 2015 inasema ni mali ya Jamhuri. Ndo maana pale Turkana kisima cha Ngamia 1 kilipogundulika 2012 hakuna mzee aliyejitokeza kudai mrabaha wake binafsi (fungu la mauzo analolipwa mwenye madini), mgao uliowekwa na sheria ya 2019 ni asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti na 5 jamii ya pale. Marekani ni tofauti kabisa. Mtu binafsi anamiliki kilichopo chini ya ardhi, na anaweza kuuza shamba la juu akabakiza ya chini, ya chini yakaendelea kurithiwa kizazi hadi kizazi wakati mkulima wa juu ni mtu mwingine asiyewajua kabisa. Na kwa sheria zao mwenye madini ana haki ya kufika kwenye madini yake, mkulima wa juu analipwa fidia ya usumbufu na uharibifu wa shamba lakini mrabaha wa mafuta hauoni kama madini si yake. Kwaiyo ukisikia mkulima wa pale kalipwa kwa ajili ya barabara na uwanja wa rigi usidhani na wewe umesahaulika, ile ni hela ya juu, yako wewe ni ya chini.

Hiyo "nusu" kwenye hati isikushtue, North Dakota ni kawaida sana. Familia zilipewa ekari 160 za serikali enzi zile, alafu miaka ya 1930 ukame na madeni vikawamaliza, mashamba mengi yakachukuliwa na wakopeshaji, na hao wakopeshaji walipoyauza tena mara nyingi walibakisha nusu ya madini. Wengine walibakisha wenyewe walipouzia jirani. Mafuta yenyewe yalipatikana kule tarehe 4 Aprili 1951, kisima cha Clarence Iverson karibu na mji wa Tioga, hukohuko Williams County, na baada ya hapo kila mtu akawa makini na anachobakisha.

Sasa kazi. Kitu cha kwanza unachohitaji ni anwani ya ardhi, na simaanishi ya posta, namaanisha ile ya vipimo vya serikali. Iangalie kwenye hati, itaonekana kama NW/4 Sec 14, T155N, R99W (huo ni mfano tu). T (taunishipu) na R (renji) zinakupeleka kwenye mraba mmoja mkubwa wa maili 6 kwa maili 6, ndani yake kuna seksheni 36, kila seksheni ni maili moja mraba yenye ekari 640, na NW/4 ni robo ya kaskazini magharibi, ekari 160. Seksheni namba 1 iko pembe ya kaskazini mashariki, zinahesabiwa kwenda magharibi mpaka 6, alafu 7 iko chini ya 6 na zinarudi mashariki, hivohivo mpaka 36 iko pembe ya kusini mashariki. Andika hiyo namba kwenye karatasi uiweke karibu, kila mtu utakayeongea naye ataanza kuiuliza na ukikosea herufi moja tu unajikuta unaangalia shamba la watu wengine kabisa.

Hapohapo piga hesabu ya ekari zako halisi. Robo ni 160, bibi alikuwa na nusu ni 80, wajukuu wawili kila mmoja 40. Kwaiyo mezani una ekari 40, tukichukulia bibi hakuuza kipande baadaye na hakuna mrithi mwingine. Barua nyingi za wanunuzi zinaandika idadi ya ekari waliyokadiria wao, isikufanye uache kuhesabu yako.

Ukishapata hiyo namba nenda kwenye tovuti ya Department of Mineral Resources ya North Dakota, kitengo cha Oil and Gas. Hao wako chini ya Industrial Commission, ambayo ni gavana, mwanasheria mkuu na kamishna wa kilimo wa jimbo, wale watatu ndo wanaoidhinisha mambo ya visima. Kuna ramani pale ni bure, haina usajili. Unatafuta kwa seksheni, taunishipu na renji, inakuja picha ya eneo lako ikiwa na vidoto vya visima na mistari. Kuna sehemu nyingine ya mafaili kamili ya visima ambayo ni ya kulipia kwa mwaka, lakini usilipe kwanza, ramani ya bure inatosha kwa swali lako.

Kwenye hiyo ramani watu wengi wanaangalia vidoto, mi nakuomba uangalie mistari. Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapowachanganya watu wote.

Visima vya sa hivi kule, vya tabaka la mwamba wa mafuta linaloitwa Bakken na lile la chini yake Three Forks, haviendi chini moja kwa moja kama kisima cha maji. Wanateremka wima kama futi 10,000, yaani kilomita 3 hivi, alafu wanapinda na kwenda mlalo maili 2 nzima ndani ya mwamba, sa hivi hata maili 3 wanafika. Na kwenye uwanja mmoja wanaweza kuweka visima vingi vimepangana, vingine vinaelekea kaskazini vingine kusini, kama vidole vya mikono miwili iliyopeana migongo. Sasa ona maana yake. Rigi aliyoiona shemeji yako maili moja kutoka kwenu, inaweza kuwa inachimba kisima kinachopita chiniiii kabisa ya ekari zako, au kinachoelekea upande wa pili na hakitawagusa kabisa. Na kinyume chake pia, kuna watu wanaishi Florida au California hawajawahi kuona rigi yoyote, kisima kimeanzia maili 3 kutoka kwenye madini yao na kinapita chini yake miaka yote. Macho ya shemeji hayawezi kukujibu. Ule mstari kwenye ramani ndo unajibu, unaonyesha kisima kimeanzia wapi juu na kinaishia wapi chini.

Alafu kuna uniti. Jimbo halikubali kampuni ichimbe popote inavyotaka na kila mtu anyonye kwa jirani, wanatenga eneo kwa ajili ya kisima, ndo uniti hiyo. Kwa visima hivi vya mlalo uniti ya kawaida ni seksheni mbili zilizoungana, ekari 1,280. Za maili 3 zinakuwa 1,920. Na kuna visima vinavyochimbwa juu ya mpaka wa uniti mbili, hapo wanaunganisha inakuwa 2,560. Wote wenye madini ndani ya uniti wanagawana mapato kwa uwiano wa ekari zao, HATA kama bomba halipiti chini ya kipande chako wewe. Ukiwa kona kabisa ya uniti unalipwa sawa na yule ambaye kisima kinapita katikati yake. Na ukiwa futi 100 nje ya mpaka wa uniti, hupati kitu kwa kisima hicho, ingawa kwa macho uko jirani kuliko wote. Naona watu wanagombana na makampuni bure kwa kutojua hili, anasema "kisima kiko dirishani kwangu" kumbe uniti yake ni nyingine na kisima chake yeye hakijachimbwa bado.

Uniti zinaamuliwa kwenye vikao vya hadhara, kila mwezi wanatoa orodha ya kesi zitakazosikilizwa na baadaye amri zenyewe, vyote viko kwenye tovuti hiyohiyo. Tafuta seksheni yako kwenye orodha za miezi ya karibuni. Kampuni ikiomba uniti mpya au ikiomba kuongeza visima 6 kwenye uniti iliyopo, inabidi ionekane pale kabla hawajachimba, na ndo maana nataka uitazame ile barua yako kwa jicho lingine: wanunuzi wa madini wanasoma orodha hizo na orodha za vibali kila siku ofisini. Barua ikikujia ghafla baada ya miaka kumi ya kimya, kuna kitu wamekiona. Wewe nenda ukakione pia kabla hujawajibu.

Kwenye kidoto cha kisima ukibonyeza utaona jina la kisima, kampuni inayokiendesha, namba ya API (namba ya utambulisho wa kisima) na hali yake. Namba ya API ya North Dakota inaanza na 33, alafu namba ya kaunti, Williams ni 105, McKenzie 053, Mountrail 061, Dunn 025. Inasaidia kuhakikisha hujapotea. Hali ya kisima inaandikwa kwa kifupi: LOC maana yake kibali kimetoka lakini hawajaanza, DRL wanachimba, A kinafanya kazi, na utakutana sana na CONF, maana yake cha siri. Usiogope hiyo CONF na usidhani kuna mtu anakuibia. Sheria ya jimbo inairuhusu kampuni kuomba taarifa za kisima kipya zifichwe kwa miezi 6 ili washindani wasione walichokuta chini. Lakini mahali kilipo, nani anachimba na uniti yake haviwezi kufichwa, na kwa wewe hivyo ndo vya muhimu sa hivi. Miezi 6 ikiisha weka alamu kwenye simu, rudi uangalie kimetoa mapipa mangapi.

Na jambo lingine ambalo huwa linawapa watu presha. Rigi itaondoka. Rigi za kisasa zinamaliza kisima kimoja kwa wiki chache tu, zinasogea kwenye kingine, mwisho zinafunga virago uwanja unabaki mtupu. Majirani wanaanza kusema kisima kimefeli hakina kitu, na mnunuzi anaweza kukupigia simu siku hizohizo akuambie hivohivo. Hapana. Kuchimba ni hatua moja, kupasua mwamba kwa maji na mchanga kwa presha kubwa ni hatua nyingine inafanywa na watu wengine kabisa, inaweza kuja miezi kadhaa baadaye. Mafuta hayaji kabla ya hapo. Kwaiyo uwanja mtupu haukuambii lolote.

Haya tuseme umeangalia na seksheni yako imo kwenye uniti. Hela ni kiasi gani? Unagawa ekari zako kwa ekari za uniti, unazidisha na kiwango cha mrabaha kilichoandikwa kwenye lizi, yaani mkataba wa kuikodisha kampuni madini yako ichimbe. Ekari 40 kwa 1,280 ni 0.03125, mrabaha tuseme ni 3/16 ambayo ni 0.1875, unapata 0.00585938. Hiyo ndo desimali yako, itunze. Kisima kikitoa mapipa 20,000 kwa mwezi na bei ikiwa dola 65, mauzo ni dola 1,300,000, fungu lako ni kama dola 7,617, toa kodi ya jimbo asilimia 10 (5 ya uzalishaji na 5 ya uchimbaji), inabaki kama 6,855 kabla ya makato mengine ya kusafirisha na kusafisha gesi. Uniti ikiwa 2,560 kila kitu nusu. Na usipige hesabu ya mwezi wa kwanza ukazidisha mara miaka kumi, visima vya Bakken vinaanza kwa nguvu alafu vinashuka vibaya, ndani ya mwaka wa kwanza uzalishaji unapungua zaidi ya nusu, baadae unatulia na kutoa kidogokidogo kwa miaka mingi. Lakini pia kumbuka uniti moja inaweza kuchimbwa visima vingi, leo viwili, baada ya miaka mitatu vinne tena. Hao wanunuzi wanalipia hivyo visima ambavyo bado havijachimbwa, ndo faida yao ilipo, na wewe lazima uviweke kwenye hesabu yako.

Swali ambalo hukuliuliza lakini ndo la muhimu kuliko yote: haya madini yako yana lizi au hayana?

Inawezekana bibi alisaini lizi miaka ya 1950 au marehemu alisaini 2008 wakati makampuni yanakimbilia mafuta ya Bakken. Lizi inakuwa na muda wake, mara nyingi miaka 3 au 5, ila ikishapata kisima kinachozalisha inaendelea kuishi mpaka uzalishaji ukome, hata ikiwa miaka 60. Kwaiyo kama kuna kisima cha zamani kimoja kinachechemea kwenye eneo lenu, inawezekana lizi ya bibi bado iko hai kwa mrabaha wa zamani wa 1/8, na kampuni haina haja ya kukutafuta usaini kitu. Utalijua hilo kwenye ofisi ya rekodi ya kaunti, ambayo kwa Williams iko mji wa Williston. Rekodi za kaunti nyingi za North Dakota pia ziko mtandaoni kwenye huduma ya kulipia inayoitwa NDRIN, unatafuta kwa seksheni, unaona hati zote, nani alimuuzia nani, lizi gani zilisainiwa na kama zilifutwa. Ukiona imekuzidi mlipe mtu afanye, ni kazi ya siku kadhaa, lakini usimtumie mtu wa kampuni inayotaka kununua.

Kama hamna lizi, kuna watu watakutisha kwamba usiposaini hutapata chochote. Si kweli kwa North Dakota. Mwenye madini asiye na lizi ndani ya uniti anaweza kuingizwa kwa amri ya jimbo, na hapo sheria inampa mrabaha wa asilimia 16 au wastani wa mrabaha wa wenzake kwenye uniti, kampuni ndo inachagua kipi, bila kuchangia gharama. Fungu lake lililobaki linatumika kulipia gharama ya kisima kwa sehemu yake, na juu yake adhabu ya asilimia 50 ya hizo gharama, vikishalipika anaanza kupata fungu lake lote. Ni nusu ya gharama tu, wakati kampuni iliyokataa kuchangia ikiwa na lizi inapigwa asilimia 200. Kwa mtu asiye na haraka ya pesa, kutosaini si janga hata kidogo, na ukisaini saini kwa kujua unapata mrabaha mzuri kuliko huo. Kuna na njia ya tatu, kampuni inakutumia barua ya kukualika uchangie gharama kama mshirika, unapewa siku 30 kujibu. Hiyo iogope. Kisima cha dola milioni 8, fungu lako la 0.03125 ni dola 250,000 na unalipa kabla hujaona tone. Usiitupe bila kusoma maana siku 30 zinahesabika, mpelekee wakili, lakini usisaini kwa kudhani ni fomu ya kupokea hela. Wapo waliofanya hivo.

Ukifika mezani kuongea lizi, mrabaha ni jambo moja, lingine ni maneno kuhusu makato. Mahakama ya juu ya North Dakota 2009 ilikubali kampuni ikate gharama za baada ya gesi kutoka kisimani pale lizi inaposema bei ni ya "kisimani". Kwenye gesi hayo makato yanaweza kula hela nyingi. Mwambie wakili aandike wazi kwamba mrabaha wako haukatwi gharama hizo. Wanaweza kukataa, lakini asiyeomba hapewi.

Turudi kwenye barua yako. Isome kichwa hadi mguu, hasa karatasi ya pili. Kuna barua zinazosema wanataka kununua, hizo angalau ni wazi. Kuna nyingine zinaongea lugha ya lizi, zinataja bonasi (hela ya kusaini lizi) na mrabaha, alafu hati yenyewe iliyoambatanishwa inahamisha umiliki wote milele. Ukiona maneno grant, sell and convey (natoa, nauza na kuhamisha) bila tarehe ya mwisho, hiyo ni kuuza. Nyingine zinakuja na kitu kinachofanana na cheki, kumbe ni drafti, wanakupa karatasi wewe unasaini hati mbele ya notari, wao wanajipa siku 30 au zaidi za benki kuchunguza, wakiona haiwalipi hawalipi, na hati yako ishakuwa mikononi kwao. Siku ukiamua kuuza, na inaweza kuwa uamuzi mzuri kabisa kama una deni la matibabu au ada, uza kwa malipo yanayopita kwa wakili au kampuni ya hati, hela na hati vibadilishwe pamoja, na uwe umepata ofa zaidi ya moja. Na ongea na shemeji, yeye ana ekari 40 kama zako, bila shaka amepata barua hiyohiyo. Mkilinganisha bei mliyopewa kila mmoja mtajifunza kitu.

Ila kwa sasa hata ukitaka kuuza kihalali hujaweza bado, na hapa ndo nataka uchukue hatua wiki hii. Madini ni mali isiyohamishika, yanafuata sheria ya jimbo yaliko. Mirathi iliyofanyika Minnesota haitoshi yenyewe, lazima kitu kifunguliwe au kisajiliwe North Dakota ili jina litoke kwa marehemu lije kwako na watoto. Mafaili yakishakamilika Minnesota hatua ya kule huwa si nzito sana, lakini inahitaji wakili wa North Dakota. Usipofanya, kampuni itaendelea kuzalisha na fungu lenu itaiweka pembeni kwa jina la marehemu. Sheria inawataka walipe ndani ya siku 150 tangu mafuta yauzwe, wakichelewa kuna riba ya asilimia 18 kwa mwaka, lakini hiyo riba haikuhusu kama tatizo ni umiliki wako haujanyooka. Hela iliyokaa sana bila mwenyewe inaishia kwenye idara ya Trust Lands ya jimbo kama mali isiyodaiwa, wana tovuti ya kutafuta jina, tafuta jina la marehemu na la bibi sasa hivi. Ni bure.

Na kuna sheria ya madini yaliyolala. North Dakota madini yasipotumika kwa miaka 20, hakuna uzalishaji, hakuna lizi wala hati yoyote iliyosajiliwa, mkulima wa juu anaweza kutangaza gazetini na kuyachukua yawe yake, una siku 60 tu kupinga na tangazo liko kwenye gazeti la kule ambalo wewe Minnesota hutaliona. Dawa yake ni rahisi mno, karatasi moja ya kudai madini inasajiliwa kaunti, miaka 20 inaanza upya. Kama hati ya mwisho ya familia ni ya miaka ya 2000 mwanzoni mko pabaya, mwambie wakili aisajili hiyo kabla ya mambo mengine yote.

Kampuni ikishakukubali itakutumia karatasi yenye desimali yako uisaini. Linganisha na ile hesabu ya 0.00585938. Ikiwa tofauti waulize kwa maandishi, uniti ni ekari ngapi, mmenihesabia ekari ngapi, kwa mrabaha upi. Mara nyingi jibu linaonyesha kosa lilipo, na ni rahisi kulirekebisha kabla hela haijaanza kuja kuliko baada ya miaka miwili.

La mwisho ni kodi. Mrabaha ni kipato, utapata fomu ya 1099, inayoonyesha ulicholipwa, kila mwaka, na sheria inakuruhusu kupunguza asilimia 15 kwa ajili ya mali inayokwisha ardhini, hakikisha anayekujazia kodi anaijua hiyo. Na kwa kuwa ulirithi, thamani ya madini inahesabiwa kuanzia siku mumeo aliyofariki, siyo ya enzi za bibi, kwaiyo ukija kuuza kodi inakuwa kwa kilichoongezeka tangu hapo tu. Tafuta mtu akupe makadirio ya thamani ya siku ile mapema wakati taarifa bado ni mbichi. Ukishapata namba ya seksheni niandikie, tutaiangalia ramani pamoja.